Daktari Anakutaka Wewe, Mama Wakesho

Nyalenda, Kisumu

Kwako Mama Wakesho, mke wangu na mwenye nyumba yangu,

Pokea salamu kutoka huku ziwani, salamu nyingi hata yule wa posta angezipima angedai stempu ya pili. Unaendeleaje? Kifua cha mama kimetulia na hiyo baridi ya huko milimani? Wakesho bado anawashinda wavulana hesabu? Na huyo bwana mdogo Mwadime, anayenijua kwa picha tu, ameota meno mangapi? Ukimwonyesha picha yangu analia au anacheka? Kama analia mwambie hiyo ni picha ya zamani, siku hizi baba yake ni mzuri zaidi.

Kwangu mimi, chakula ninakula na kazi ninafanya. Zaidi ya hapo sijui niseme nini, na barua hii yote ni juu ya hilo la kutojua. Lakini nitafika. Wewe unajua mimi sifiki mahali bila kuzunguka kwanza.

Ujue kwamba mji huu wananijua. Kina mama wa hapa Nyalenda wanaouza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki kiwandani baada ya minofu kupelekwa Ulaya, wananiita Mkamba. Nimewaeleza mara nyingi kwamba mimi ni Mtaita, wakasema ni kitu kimoja, nyote mnatoka kule kwenye ndovu. Nimewasamehe. Kijaluo changu sasa kimekuwa kizuri kiasi kwamba Wajaluo wenyewe wakisahau neno wananiuliza mimi.

Kazini bado niko kwenye meza ya visu. Kaka Mwamburi alipokuja kuniona mwaka jana, wakati wewe ulikuwa na mimba nzito na hukuweza kusafiri, nafikiri alirudi akakusimulia yote. Nilikuwa utingo wa gari la samaki. Nikakaa siku nyingi bila usingizi na bila kuutaka, na siku moja pale soko la Otonglo nikafungua mlango wa nyuma wa gari nikaanza kuwagawia watu mbuta wa kampuni, nikiwaambia tajiri ni shemeji yangu na leo ni harusi. Nilipotoka hospitali meneja akasema, huyu hawezi kurudi kwenye gari, akili haijatulia vizuri, mpeni kisu. Sasa hebu fikiria. Mtu mmetoka kumwita kichaa, halafu mnampa kisu kirefu kama mkono. Lakini nakata minofu hapa hakuna wa kunifikia, hilo hata wakubwa wanajua.

Kilichonisimamisha tangu wakati ule ni vidonge. Viko vya aina mbili. Kuna vile vya kawaida vya hospitali, vinavyoleta usingizi. Na kuna vingine vyeupe, vya ghali, ambavyo daktari alisema ndivyo vinavyonishika nisipande sana wala nisishuke sana, kama breki za lori kwenye mteremko wa Kericho. Hivyo vyeupe vinaleta kiu, na mikono inatetemeka kidogo, basi mimi namkamata mbuta kwa nguvu zaidi, na yeye hajalalamika.

Mwanzoni vyote nilikuwa napewa dirishani pale hospitalini. Kisha serikali ikasema wagonjwa wachangie gharama, na kuhusu vile vyeupe yule wa dirishani akawa na jibu moja tu: "Hakuna. Nenda kemisti." Kemisti wa mjini anavyo, amevifungia kwenye kabati la kufuli kama dhahabu, na bei ni ya dhahabu pia. Ndiyo sababu nilichotuma nyumbani miezi hii kilikuwa chembamba. Uliniuliza kwenye barua kama nimepata mke wa Kijaluo. Sijapata. Nimepata vidonge, na vinakula kuliko mke. Nikaanza ujanja wa kumeza leo, kesho napumzika, ili vifike mbali.

Lakini mimi si mtu wa kuonewa na kemisti na huku kila mwezi nakatwa bima kwenye mshahara. Tena bima mbili. Moja ni ya kampuni. Nyingine ni ile kadi ya serikali ya hospitali. Mtu mwenye bima mbili ni kama mtu mwenye mabwana wawili wa kumlipia, nikasema. Nikaingia ofisini kwa karani wetu Bi Consolata, nimevaa lile koti langu la kijivu.

"Bi Consolata," nikamwambia, "leo nimekuja mnitibu."

"Umejikata?"

"Sijajikata. Ni dawa za kichwa."

"Kinauma?"

"Hakiumi. Mwaka jana kilichanganyikiwa, sasa kimepangwa, nataka kibaki kimepangwa."

Akashusha miwani. "Bwana Mwakio, kichwa kikiuma tunalipa. Kikipasuka tunalipa, hata kushonwa. Kikichanganyikiwa hatulipi. Watu wa bima ndivyo walivyoandika, si mimi."

"Na kikichanganyikiwa, nikaanguka kwa sababu hiyo, nikavunjika mguu?"

"Mguu tutalipa."

"Kwani kichwa na mguu si vya mtu mmoja?"

"Kwako ni vya mtu mmoja," akasema, wala hakucheka. "Kwao ni mambo mawili."

Mama Wakesho, tangu siku hiyo najiangalia kwenye kioo, nashindwa kujua ni wapi hasa hapa shingoni bima inapoishia.

Ikabaki kadi ya serikali. Ogutu, rafiki yangu tunayekata naye meza moja, ndiye aliyenifungua macho, au alinifunga, bado sijaelewa. Huyu ni mtu mwema, yeye ndiye aliyenishika mkono siku ya Otonglo akanipeleka hospitali bila kunifunga kamba. Ananiita omera, ndivyo Wajaluo wanavyomwita mtu ndugu yangu.

"Omera," akasema, "ile kadi hailipi dawa ya kumeza nyumbani. Inalipa kitanda. Ukilazwa unakula humo, unalala humo, na vidonge wanakuletea humohumo."

"Lakini sasa mimi siumwi."

"Nani atajua? Wewe ukifika wape ile hotuba ya Otonglo."

"Kwa hiyo nikiwa na akili zangu najilipia mwenyewe, na nikiwa mwendawazimu nalipiwa?"

"Ndivyo."

"Basi akili ni hasara."

"Kadi sikuitunga mimi, omera. Ona, huyu samaki unamwacha na nyama mgongoni."

Nikaomba ruhusa, nikaenda hospitali na kadi yangu mfukoni, nikiwa nimejipanga kabisa kuwa kichaa. Nilikuwa na maneno tayari. Ningesema ziwa ni langu, nataka kulihamisha niliweke Mwatate ili mama asisumbuke na maji. Lakini pale kwenye benchi nilikaa karibu na mama mmoja aliyemleta mtoto wake mtu mzima, mwanamume ananizidi urefu. Alikuwa ameufunga mkono wa mtoto na wake kwa leso, ili asimkimbie. Mtoto alikuwa anaongea na mtu ambaye hatumwoni, akimbembeleza aondoke. Yule mama akaniuliza, "Na wewe umemleta nani?" Na uigizaji wote ukaniisha hapohapo. Nikasema, hapana, mbele ya watu hawa siwezi kucheza. Nitaingia niseme ukweli mtupu, daktari akinihurumia atanihurumia.

Sasa sikiliza kilichotokea nilipousema ukweli.

Daktari ni kijana mpole, wa tai. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ndiye kisu cha kwanza pale kiwandani. Akaandika. Akauliza kabla ya hapo. Nikamweleza habari za Mombasa, jinsi nilivyopanda meli ya Wagiriki kama msaidizi wa mpishi, tukafika Bombay, na jinsi nahodha alivyokula maharagwe yangu akatokwa machozi akataka niwe mwanawe. Akaandika. Akauliza nasema lugha ngapi. Nikasema saba, ukihesabu Kigiriki cha jikoni. Akaandika sana hapo. Nikafurahi, nikasema huyu kijana anajua kusikiliza watu wakubwa. Akaniuliza kama najiona nina nguvu kuliko wenzangu. Nikasema, kuliko wengi, huo ndio ukweli, waulize. Halafu akauliza vile vyeupe kama nameza kila siku.

"Nameza siku moja, siku moja napumzika."

Akaweka kalamu chini. "Mzee Mwakio, tutakulaza."

Mimi ni nani nikatae? Kitanda ndicho nilichokuja kutafuta. Nikafurahi. Halafu nikiwa njiani na sista kwenda wodini, furaha ikasimama. Nilikuja na mpango wa kumdanganya daktari, sikumdanganya, na kitanda nimepata. Sasa nani amemshinda nani?

Wodini nikapewa jirani, mwalimu mmoja wa Awasi, mtu mstaarabu, anakunja blanketi lake kama la jeshi. Usiku nikamnong'oneza, ili asiniogope, "Mwalimu, mimi si mgonjwa. Nimekuja kwa sababu ya kadi."

Akanishika bega. "Hata mimi," akasema. "Karibu."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kweli, kwa sababu mchana ule alikuwa amenieleza kwamba yeye ndiye anayewasha taa za mji kwa kupiga kofi.

Nikamwambia sista pia. Sista ni mama mzito wa makamo, anatembea polepole kama mtu anayebeba maji. Nikasema, "Sista, kuna makosa. Mimi ni mtu wa maneno mengi tu, tangu utotoni."

"Kila mtu humu ndani ananiambia kuna makosa," akasema. "Fungua mdomo."

Nikafungua, nikameza. Kila kitu walileta kitandani kama alivyosema Ogutu, vyeupe na vile vya usingizi, tena zaidi ya nilivyozoea. Siku chache nikawa mtu mwingine. Nikawa kimya. Sikuona sababu ya kumwambia mtu lolote. Ogutu akaja kuniangalia, akanipa ndizi, akanichekesha weee, mimi namtazama tu. Akasema, "Omera, umekuwa kama kanisa siku ya Jumatatu." Nilijua ni mzaha mzuri. Niliuona ukipita, kama mtu anayeona gari la kwao linapita na hapungi mkono. Mama Wakesho, hiyo ilinitisha kuliko Otonglo.

Wakanitoa. Kadi ikalipa kitanda chote, hilo lazima niseme, haikunisumbua. Nikauliza dirishani vidonge vya kwenda navyo nyumbani. "Kadi imeishia mlangoni," akasema yule wa dirishani. "Nenda kemisti." Nikawa nimezunguka nimerudi nilipoanzia.

Basi nikarudi kwa daktari nikamwambia yote. Bima ya shingoni, ushauri wa Ogutu, mpango wa kulihamisha ziwa, yule mama wa leso. Nikasema, "Daktari, mimi maneno yangu ndivyo yalivyo. Meli nilipanda. Maharagwe nilipika." Nilitegemea anikasirikie. Hakukasirika. Alifungua tai kidogo akavuta kiti karibu.

"Sasa nisikilize," akasema. "Kama hivi ndivyo ulivyo tangu zamani, basi ugonjwa umelala, na dawa ya hapa dirishani, ambayo mara nyingi ipo, inaweza kukutosha. Kama hukuwa hivi, basi huo ndio ugonjwa unaamka, na ni lazima vile vyeupe, kila siku, bila kupumzika hata siku moja. Na bei yake mimi siwezi kukusaidia, wala kadi."

"Si unipime?"

"Nikupime na nini? Malaria ina kipimo. Maneno hayana. Mke wako yuko wapi?"

"Yuko Mwatate."

"Alikujua kabla ya haya?"

"Alinijua kabla sijaota ndevu."

"Basi yeye ndiye kipimo. Mlete."

"Na tukikosea?"

"Tukikosea utarudi Otonglo," akasema, "na pengine safari hii rafiki yako hatakuwa karibu."

Akafungua droo yake mwenyewe akanipa vyeupe vichache. Vitanifikisha mwisho wa mwezi, si zaidi.

Utasema, Baba Wakesho, si uamue mwenyewe, wewe si mtu mzima? Nimejaribu. Hapo ndipo penye shida yangu. Siku ile ya samaki, mke wangu, nilijiona nina akili kuliko siku zote za maisha yangu. Nilikuwa na furaha, niliwapenda watu wote wa soko lile, na kila nilichosema nilikuwa nakiona. Niliziona ngoma za harusi. Nakumbuka hata rangi ya nguo ya bibi harusi, na hapakuwa na bibi harusi. Na meli pia naikumbuka, moshi wake, magunia ya vitunguu. Najua meli ilikuwepo. Lakini nikiziweka kumbukumbu hizi mbili pamoja, ile ya kweli na ile ya uongo, zote zina uzito sawa mkononi. Nimemuuliza Ogutu. Akasema, "Mimi nilikukuta ukiwa na maneno tayari, siwezi kushuhudia." Kaka Mwamburi hawezi pia, yeye ameniita mwongo tangu tukiwa wadogo tunachunga mbuzi, na akiulizwa na daktari atasema hivyohivyo bila kufikiri.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Tulipooana nilikuwa napata usingizi usiku? Unakumbuka siku niliyosema nitanunua shamba la yule Mhindi, nilikuwa nacheka niliposema, au macho yangu yalikuwa makavu? Nilipokuja kutoka Mombasa na kile kitambaa cha kijani, nilikuambia nimekinunua wapi? Si lazima ukilete. Nataka kujua nilisema nini wakati ule. Na wewe uliponisikia nikiongea, ulikuwa unafurahi, au ulikuwa unaogopa na kunyamaza? Hili la mwisho hukuwahi kuniambia, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa naongea.

Nakuomba uje. Wenzangu wa mezani wamechangishana nauli, nimeituma kwa jina lako posta ya Mwatate, usimtume mtu, nenda mwenyewe na kitambulisho. Wakesho abaki na bibi yake asikose shule. Mwadime mlete. Panda treni pale Voi, Nairobi mtabadilisha, na usimpe mtu mtoto akushikie hata kama amevaa kola ya kasisi. Huku chumba kipo, ni kimoja, lakini kina dirisha, na mwenye nyumba amesema atakupa maji ya bure siku ya kwanza ili uone kwamba Kisumu ni mji wa ukarimu. Ya pili utalipa kama sisi.

Kitu kimoja nakusihi kabla hujaonana na daktari. Najua moyo wako. Ukisikia kwamba dawa ya dirishani ni nafuu, utataka kusema ndivyo nilivyo, ili nyumbani pasikose sukari na karo ya Wakesho. Usiseme hivyo kwa ajili ya sukari. Na kama umeogopa yale aliyokusimulia Mwamburi, usiseme nimebadilika kwa ajili ya hofu. Unitazame kama unavyotazama mahindi sokoni, unavyoyageuza na kuyanusa na mwenye mali amesimama hapo anasifu. Usinionee haya. Kama ni vyeupe, nitavinunua, nitafanya kazi na Jumapili, na tutakula mgongo wazi mpaka tuote mapezi. Kama si vyeupe, tutamshukuru Mungu. Ila aamue mtu anayejua, na mimi nimegundua kwamba sijui.

Nisalimie mama, mwambie mwanawe anakula na asiache kuvaa sweta. Nisalimie kaka Mwamburi, mbuzi wangu bado nawahesabu nikiwa huku. Shangazi Mkamburi, aliyetufungisha ndoa kwa kelele zake, mpe mkono. Mwalimu wa Wakesho mwambie nimesoma ripoti mpaka mwisho na kuelewa yote, hata yale maneno ya Kiingereza. Wakesho mwambie baba anamtaka aendelee hivyohivyo, na asianze kuongea sana.

Nitakuwa stesheni mapema, na lile koti la kijivu. Ukishuka unikute namwambia mpagazi kwamba reli hii tuliijenga na babu yangu, usicheke kwanza, na usije mbio. Simama hapo kidogo na mtoto mgongoni, unitazame nikiwa sijakuona. Halafu ndipo uje.

Ni mimi mumeo, kwa kadiri ninavyojua,

Mwakio, Baba Wakesho